Mnyororo wa Gia Ngapi

Jumamosi nilifunga kibanda saa tatu,
nikanawa kwa mafuta ya taa, kwa sabuni, kwa mchanga,
na weusi ukabaki kwenye kucha, mkaidi kama kawaida yake.
Ahadi ni deni.
Tangu binamu yao arudi kutoka Dar
na habari za makumbusho yenye vyumba visivyohesabika,
Nyamizi hakunipa usingizi:
Na sisi je? Na sisi je?
Dar ni mbali, na nauli ya treni kwa watu watano si mchezo.
Kwihara ni hapo tu.

Baiskeli mbili.
Kalunde mbele, Limi mgongoni kwake amelala fofofo,
nyuma yao mimi, Nyamizi kwenye keria, Mihambo kwenye bomba,
kidevu changu juu ya kichwa chake chenye harufu ya vumbi.
Kwenye kikapu, matobolwa na karanga
na chupa ya chai iliyovuja mpaka tukafika.

Mwenye funguo alikuwa anaanua nguo.
Binti mdogo tu, jina lake Sijaona,
na kazi yake ni kuonyesha.
Alitutolea daftari la wageni:
aliyetutangulia alitoka Uholanzi, siku nne nyuma.
Kazi? Kalunde akaandika mkulima. Mimi, fundi.
Nyamizi akafikiri, akauma kalamu,
akaandika: mtazamaji.

Ndani, kuta nene za udongo,
ubaridi kama wa tumbo la mtungi.
Ramani. Barua zilizofifia. Picha za watu wasiocheka.
Watoto walinong'ona bila kuambiwa.
Halafu Mihambo akasimama mbele ya kioo,
Mihambo wangu, aliyejua spana kabla ya kijiko,
akauliza kwa sauti ya kibandani:
"Baba, mnyororo huu ni wa gia ngapi?"

Nilifungua mdomo.
Miaka kumi na minne nimeshika minyororo,
nimeipaka grisi, nimeikata pini, nimeiunga,
kwangu mnyororo ni kitu kinachokwenda.
Nilifunga mdomo.

Kalunde ndiye aliyechuchumaa.
"Huu haukuendesha kitu," alisema.
"Ulifungwa shingoni."
"Shingo ya ng'ombe?"
"Ya mtu."
"Alikosa nini?"
Kalunde akamtazama Sijaona, Sijaona akatazama funguo zake.
"Hakukosa," alisema. "Hakuna aliyekosa."
Limi akaamka, akataka maziwa,
na sote tukashukuru kwa kilio chake.

Nje tulikula.
Nyamizi alitoa hukumu: Dar wana vyumba vingi,
lakini hawana matobolwa.
Akakimbizana na kuku wa Sijaona mpaka Sijaona naye akakimbia,
kanga ikimvuka, anacheka.
Mihambo hakukimbia.
Alikuwa anatafuna polepole, punje moja ya karanga kwa wakati wake,
akijishika shingo.

Njiani, penye mchanga mwingi,
mnyororo wangu ukatoka.
Hutoka. Hata wa fundi hutoka.
Nilipoinama alikuwa ameshapiga magoti,
akaushika kwa vidole vyote, akaupandisha jino kwa jino,
akazungusha pedali, akasikiliza.
"Unakwenda," alisema.
Nikampa kitambaa ajifute. Akakataa.
Alirudi mjini na mikono myeusi ameinyoosha mbele,
kama mtu aliyebeba kitu kisichotakiwa kumwagika.

Jumapili aliomba boksi na kalamu ya wino.
Jumatatu nilipofungua kibanda nikakuta,
kwenye msumari pale mlangoni,
mnyororo wangu wa zamani, umesuguliwa ukang'aa,
na chini yake kibao, herufi zikipanda mlima:

MNYORORO WA BABA.
HUU UNAKWENDA.
RUHUSA KUGUSA.

Mteja wa kwanza aliugusa.
Akauliza bei.
Nikamwambia huo hauuzwi,
akaniuliza sasa umeutundika wa nini,
na nikaanza kumweleza,
pampu mkononi, tairi lake bado halina upepo.